Imani Iliyopoa Haiamshwi kwa Vipaza Sauti

Katika miji ya ukanda wa shaba wa mkoa wa Lualaba nchini Kongo, kuanzia Kolwezi hadi Fungurume, kuna dhana iliyozoeleka kiasi cha kutohojiwa tena. Dhana hiyo ni kwamba Mkristo aliyepoa, yaani yule anayeendelea kuhudhuria ibada bila moyo wake kuguswa wala mwenendo wake kubadilika, ataamka akiongezewa hamasa: mkesha mrefu zaidi, mfungo wa siku nyingi zaidi, mhubiri mgeni mwenye sauti kubwa zaidi, na maombi ya ukombozi, ambayo hukusudiwa kumfungua mtu kutoka katika vifungo vya mapepo na laana za ukoo. Sala na mfungo si vibaya, kwa kuwa Kanisa limesali na kufunga tangu siku za mitume. Kosa la dhana hii ni kuamini kwamba ubaridi wa imani hutokana na upungufu wa hamasa.

Ni rahisi kuelewa ilivyoota mizizi. Kwa miaka mingi kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, ilikuwa kama mzazi wa Kolwezi, kwani iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali na hata posho ya unga. Uzalishaji wake wa shaba ulishuka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 muongo mmoja baadaye, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia na kuitwa, kwa jina lisilostahili, kuondoka kwa hiari. Watu walioachwa bila mzazi huyo walihitaji faraja, na mahubiri yanayoahidi muujiza kabla ya mapambazuko yaliwafikia haraka kuliko kitu kingine chochote. Kuwalaumu kwa hilo ni ukatili, lakini kuwaacha waamini kwamba huo ndio uamsho nako ni kuwatelekeza.

Makanisa yaliyojaa hayajawahi kuwa ushahidi wa imani iliyo hai, na Kolwezi inalijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1992 na 1993, Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana wa jimbo la Katanga, ambalo wakati huo lilijumuisha Kolwezi, familia zenye asili ya Kasai, ambazo nyingi zilikuwa zimeishi katika miji ya migodi kwa zaidi ya kizazi kimoja, zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikapiga kambi kwenye vituo vya reli zikisubiri mabehewa ya kuzipeleka Kasai, ambako watoto wengi hawakuwahi kufika. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa ubatizo mmoja. Nyimbo hazikupungua siku zile. Kilichokosekana ni Mkristo wa kusimama mlangoni mwa jirani yake na kusema kwamba huyu haondoki.

Ajabu ni kwamba mji huo huo wa Kolwezi uliwahi kuonyesha njia nyingine. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuchapisha kitabu chake *La philosophie bantoue* mwaka 1945, alikuwa amefanya umisionari kwa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba mahubiri yake hayakuwa yakimgusa mtu, naye akaacha kuwafundisha watu kwanza, akaanza kuwauliza wao wanatamani nini maishani. Alipopangiwa Kolwezi mwaka 1953, mazungumzo hayo na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière katika kambi zao yalizaa Jamaa, chama cha Wakatoliki kilichojengwa juu ya watu wa ndoa na kuenea katika miji ya migodi ya Katanga. Mafundisho yake yalizunguka mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, nayo hayakutolewa uwanjani. Mume na mke walifika pamoja mbele ya mume na mke wengine, ambao wangekuwa baba na mama yao katika Jamaa, wakaongozwa taratibu, hatua kwa hatua, kila mmoja akijifunza kumfunulia mwenzake mawazo yake. Mwanamume aliyezoea kupokea amri za msimamizi mchana kutwa na kuzirudisha kwa mkewe jioni alitakiwa sasa kuketi na kumsikiliza mke huyo akizungumza habari za Mungu. Watu wa makabila mbalimbali waliitana ndugu, na hawakuhitaji kipaza sauti.

Wapo watakaosema kwamba Jamaa nayo iliharibika, na ni kweli. Baada ya Tempels kuondoka mwaka 1962, usiri ulizidi, baadhi ya vikundi vilipotoka, hasa vile vilivyoitwa Katete, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu walichukua hatua kali. Hata hivyo, kilichoiharibu kilikuwa usiri na kujikweza kwa wachache, wala si desturi ya watu kukutana na kusikilizana. Anayeitupa desturi hiyo kwa sababu ya Katete hana budi pia kuitupa mikesha kwa sababu ya manabii wanaouza mafuta ya upako.

Leo zipo jumuiya ndogo za Kikristo za mitaani, zinazojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CEVB, ambazo maaskofu wa Kongo walizikubali tangu mwaka 1961, lakini mara nyingi zimebaki kuwa mahali pa kukusanya michango. Na wapo Masista wa Mchungaji Mwema, ambao kwa zaidi ya miaka kumi wamekuwa wakiwatoa watoto kwenye maji machafu ya kuoshea madini na kuwarudisha darasani, kazi ambayo ni nadra kutajwa uamsho unapohubiriwa. Katika kazi kama hiyo ndipo imani iliyopoa inapopata cha kufanya. Basi wachungaji na mapadri wa Kolwezi, kabla ya kutangaza kampeni nyingine, wawatume waumini wao wawili wawili kwa wajane wa wachimbaji waliofukiwa mashimoni, katika mtaa wa Kasulo na kwingineko, wakaketi nao na kuwasikiliza hadi wamalize.