Tazama Daftari Kabla ya Mnada



Kila unapokwisha msimu wa karafuu, wako waliojiwekea akiba wakatamani kuongeza shamba. Matangazo ya minada ya mali za rehani huwavuta, maana bei yake huwa chini. Sisi hatuwakatazi kununua. Twasema tu: rahisi ghali.

Wengi hudhani ya kuwa nyundo ya dalali hufuta kila deni. Sivyo. Dalali huuza haki ile aliyonayo yule anayemnadia, wala hapana zaidi. Shamba likiwa limewekwa rehani mara mbili, na anayenadi ni mdai wa pili, rehani ya mwanzo hubaki pale pale, na mnunuzi hubanwa nayo.

Jambo hili si geni visiwani. Wazee wetu waliijua bei khiyari: mtu huuza shamba kwa sharti la kulikomboa, naye hubaki humo akilipa kodi. Madeni yalizidi hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ili mashamba yasiwatoke wenyewe.

Basi mwenye kutaka kununua aende kwanza kwa Mrajis wa Ardhi, atazame jina la mwenye hati na kila rehani iliyoandikwa pamoja na tarehe yake. Asitosheke na nakala ya dalali. Kisha aulize mahkamani kama pana kesi au zuio. Halafu awaulize sheha na majirani, kwani mengi hayamo daftarini. Huenda shamba ni urithi usiogawanywa, na aliyeliweka rehani ni ndugu mmoja katika watano. Huenda ni wakfu, nao hauuzwi. Huenda ni eka tatu zilizotolewa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo zina masharti yake. Tena kwa dasturi yetu ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mikarafuu ya mwengine. Ni lazima ijulikane kinadiwacho ni kipi.

Rai yetu ni kuwa kila tangazo la mnada litaje rehani zote zilizo juu ya mali, na libandikwe mapema kwa sheha. Anayeuza kwa haki hana la kuficha.

Mkarafuu hungojewa miaka hata ukazaa. Siku mbili za kutazama daftari si nyingi.