Mfarishi wa Viraka na Kasha la Mama



Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama ya Alasiri, tuliulizwa suali ambalo wengine walilidhania jepesi. Mama mmoja alifungua mkoba wake akatutolea vipande vya vitambaa vilivyokunjwa kwa unadhifu: pindo la leso, bafta nyeupe iliyobaki kwenye kanzu, kitenge, na doria ambayo, kwa kauli yake, hakumbuki tena ilitoka wapi. Akasema, "Sheikh, nyumbani nina gunia zima la hivi. Nataka kuwashonea wajukuu mfarishi. Je, kuna ubaya?" Wenzake wakacheka, kwa kuwa waliona mambo ya sindano si ya kuulizwa sheikh. Sisi hatukucheka. Suali hilo limetugusa mahali penye kidonda, na leo tumeazimia kulieleza kama lilivyo.

Kwanza tulitengeneze neno lenyewe, maana vijana wengi hawalijui. Mfarishi ni tandiko au shuka nene ya kujifunika, iliyoshonwa kwa tabaka zaidi ya moja. Asili yake ni Kiarabu, na ni jamaa moja na firasha. Bibi zetu waliushona kwa mkono, ukumbini, baina ya Adhuhuri na Alasiri, kwa nguo zilizochakaa na mabaki ya mafundi. Siku hizi blanketi la dukani limekuwa rahisi, na mfarishi ukasahauliwa. Ilhali makabati yetu yamefurika vitambaa visivyovaliwa wala kutolewa, vyangojea nondo na mende.

Kushona viraka si aibu wala si dalili ya ufukara. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) hufanya nini nyumbani kwake, katika aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Naye Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kumwona Sayyidna Umar, wakati huo akiwa Amirul Muuminin, na kanzu yenye viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya kingine. Basi mwenye kuona haya kulalia viraka na aangalie ni nani waliovivaa.

Na leso yenyewe, vazi ambalo twalihesabu kuwa letu kuliko vyote, yasimuliwa kuwa ilianza kwa kuungwa vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vilivyochapishwa katika jora, ambavyo Wareno waliviita lenço, wakavikata na kuviunga, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanya biashara walipoona hivyo ndipo wakaanza kuchapisha nguo nzima. Kwa hiyo mwanamke anayeunga vipande vya leso leo hakubuni jambo geni.

Tena wako ndugu zetu wa mbali waliohifadhi kazi hii kuliko sisi. Katika jimbo la Karnataka, India, wilaya ya Uttara Kannada, waishi Wasiddi, watu ambao wahenga wao walitoka Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani na kupitishwa Goa chini ya Wareno. Wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa, juu ya sari kuukuu. Mshonaji huanza pembeni, akaizunguka nguo kwa bandi, kiraka baada ya kiraka, safu ndani ya safu, mpaka akafika katikati. Mwisho hutia vijiraka vidogo vilivyokunjwa katika pembe nne, viitwavyo phula, yaani maua. Na mfarishi usio na phula kwao huhesabiwa kuwa uko uchi. Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulinyamaza kitambo. Mtu anyang'anywe nchi yake, kisha wajukuu wa wajukuu wake wakatae kutandika kitu kisichopambwa!

Sasa tuje kwenye kidonda.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipofariki aliacha kasha la leso. Zilikuwa jozi 42. Nyingine zilikuwa zimelainika kwa kuvaliwa, nyingine hazijapata kupindwa upindo, zingali na wanga na harufu ya duka. Marehemu baba alikuwa ametangulia. Warithi tulikuwa wanne: sisi, ndugu yetu mdogo aliyeko Maskati kwa kazi, dada yetu mkubwa anayekaa nyumba ya mama Mji wa Kale, na dada yetu mdogo wa Malindi. Nyumba na vipande viwili vya dhahabu tulivigawanya kisheria, kwa karatasi na mashahidi. Kasha halikutajwa na mtu.

Miezi michache baadaye dada yetu mkubwa alitwambia, "Maalim, hizi nguo za mama zitaliwa na nondo. Nikizikata nikawashonea watoto mifarishi si watamkumbuka bibi yao?" Tukamjibu neno moja: "Kata." Tulikuwa tukitoka kwenda msikitini, na somo la jioni hiyo, twaona haya kulisema, lilikuwa la mirathi.

Dada akakata jozi tisa, akatoa mifarishi minne, na tukisema ilikuwa mizuri hatuongezi chumvi. Kisha ndugu yetu akaja likizo. Siku ya pili akafungua kasha, akapekua mpaka chini, akauliza iko wapi jozi ya rangi ya zabibu aliyomnunulia mama kwa mshahara wake wa kwanza. Dada akanyanyua mfarishi kitandani pa mtoto, akamwonyesha. Ndugu yetu aliushika akaugeuza mbele na nyuma. Hakupandisha sauti. Alituelekea sisi akasema, "Kaka, ile mirathi unayosomesha msikitini ni ya watu wengine?"

Hatukuwa na jawabu, na mpaka leo hatuna.

Hukumu ya jambo hili twaijua sote, ila twaisahau panapokuwa na vitu vidogo. Kila alichokimiliki maiti ni tirka: nyumba, fedha, sufuria, kanzu, leso na sindano yake. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, vyote ni vya warithi kwa mafungu yao. Si halali kwa mmoja wao kukata, kuvaa, wala hata kutoa sadaka kitu kabla wenziwe hawajaridhia. Ada iliyoenea kwetu, ya kufungua kabati la marehemu siku ya tatu na kugawa nguo kwa majirani na waosha maiti, ni nzuri kwa nia, lakini yahitaji idhini ya warithi wote. Na ikiwa miongoni mwao yumo mtoto asiyebaleghe, idhini yake haihesabiwi wala mlezi wake hana haki ya kumtolea. Fungu lake lazima litengwe. Watoto mayatima wangapi wamekula hasara kwa nguo za baba zilizogawanywa na watu wema?

Sisi wanne tuliketi usiku ule. Tukazitoa leso zote, mpya na kuukuu, tukazisawazisha kwa thamani tukihesabu na zile tisa zilizokatwa. Mafungu yalikuwa sita: mawili mawili kwa wanaume, moja moja kwa wanawake; kila fungu jozi saba. Dada mkubwa haki yake ilikuwa saba naye amekata tisa. Zile mbili za ziada tulizitoa katika kumi na nne zetu, maana aliyesema "kata" ni sisi. Hesabu ikatimia. Lakini jozi ya rangi ya zabibu haikurudi, na hakuna hesabu ya kuirudisha. Tulimwomba ndugu yetu msamaha mbele ya dada zetu. Alisamehe, ingawa ilimchukua mpaka baada ya Alfajiri.

Asubuhi alichukua jozi moja tu katika fungu lake. Kumi na tatu alimwachia dada, kwa sharti kwamba ashonewe mfarishi wa kupeleka Maskati, na kwamba kila leso ipigwe picha atumiwe kabla haijakatwa.

Kwa sababu hiyo tumepata kuiangalia kazi hii kwa karibu, na tumejifunza mambo ambayo huenda yakamfaa yule mama mwenye gunia. Dada huosha kila kitambaa mbali na vyenziwe mpaka maji yatoke meupe, hasa vyekundu na vyeusi, kwa kuwa leso moja mpya yenye kutoa rangi yaweza kuharibu kazi ya miezi miwili. Kitambaa asichokijua asili yake hukisuza kwa maji mengi ya kupita, ili aondokane na shaka ya najisi. Kisha huvipiga pasi. Pamba hushona na pamba. Nailoni na vitambaa vya buibui huvitenga, maana hivyo havirudi vikifuliwa ilhali pamba hurudi, na mfarishi ukabaki umejikunja kama uso wa mzee.

Kipimo chake ni kadibodi ya inchi saba kwa saba. Nusu inchi ya kila upande huliwa na mshono, hivyo hubaki sita. Kitanda cha futi nne kwa sita chataka vipande vinane kwa kumi na viwili, yaani 96. Leso moja nzima hutoa kama 48, kwa hivyo kihesabu jozi moja yatosha mfarishi mmoja. Lakini leso iliyovaliwa huwa imechoka katikati, mahali pa kukalia, na hapo dada hapapi kiraka. Huangaza kitambaa dirishani. Kikipitisha mwanga kama chujio, hukifanya tambara la jikoni. Hilo ndilo kosa la wengi, kumwonea huruma kitambaa kilichokwisha kufa, kisha mfarishi ukatoboka katika mwaka wa kwanza.

Tabaka la kati, kwa joto letu, si lazima liwe blanketi. Shuka kuukuu moja yatosha hata usiku wa kipupwe. Chini huweka bafta au marekani. Tabaka zote tatu huzitandaza sakafuni, akazipiga bandi kutoka katikati kwenda nje ili zisifanye mikunjo, kinyume cha Wasiddi waanzao pembeni. Ndipo akashona kwa uzi mzito. Ana subana aliyoirithi kwa mama. Hiyo hatukuigawanya, tuliulizana, sote wanne tukaridhia iwe yake.

Maandishi ya leso yataka tahadhari. Majina mengi yana neno Mungu au Mola, na mengine yana Alhamdulillahi au Inshallah. Ukanda kama huo haufai kushonwa mahali pa miguu wala pa kukaliwa. Dada huukata mzima akauhifadhi, au akauweka upande wa kichwani. Mafumbo ya wake wenza yeye huyatia popote, na wajukuu wake wamejifunza kusoma kwayo, jambo ambalo sisi hatuna hakika nalo! Ama hariri halisi, kwa kuwa wanaume wamekatazwa kuivaa na kuikalia, na ibaki kwa mifarishi ya mabinti.

Limesalia gunia la yule mama. Tulimuuliza lilitoka wapi. Akasema nusu ni mabaki yake mwenyewe, na nusu alipewa na fundi jirani, ambaye kila karibu na Idi hujaza kapu la vipande. Tukamwambia: ya kwako kata leo. Ama ya fundi, kitambaa kilicholetwa na mteja ni cha mteja hata baada ya kushonwa kanzu, na kilichobaki ni amana mkononi mwa fundi. Nyuzi na vijipande visivyofaa kitu, ambavyo ada ya watu ni kuviacha, havina neno. Lakini robo mita ya kitambaa kizuri haiachwi na mtu ila kwa kutojua kuwa imebaki. Mafundi wetu wengi ni waaminifu, hurudisha mabaki pamoja na nguo. Wengine hawana habari, na wateja wenyewe huona haya kuuliza.

Alhamisi iliyopita mama yule alirudi darsani. Alikwenda kwa fundi na gunia, wakakaa barazani wakalipekua pamoja. Vipande vikubwa kumi na vitatu fundi aliwakumbuka wenyewe. Tisa wamesema chukua, wawili wametaka vyao, na wawili wamehama Mombasa; vya hao vimefungwa katika mfuko na vyangojea dukani. Mfarishi wake umefika safu ya nne.

Wa ndugu yetu umefika safu ya saba. Picha zakwenda Maskati kila Ijumaa, na jawabu huja baada ya Isha: hii kata, hii ngoja.

Wallahu aalam. Wiki ijayo, inshallah, tutajibu suali la msomaji wa Kilifi kuhusu kuazima vyombo vya harusi.