Kesi yako imeondolewa? Msome Jaji Madan kwanza



Wiki jana kijana mmoja wa hapa Riruta alinionyesha karatasi ya korti. Kesi yake iliondolewa mwaka jana, familia ikachinja mbuzi. Sasa ameambiwa inarudi. Kwa karatasi imeandikwa 87(a). Maana yake ni kwamba upande wa mashtaka umeondoa kesi, lakini unaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana leo nawapa stori ya Chunilal Madan. Hakuwa Muislamu. Alikuwa wakili, na 1948 akachaguliwa kuingia bunge la kikoloni. (Siasa zenyewe zilikuwa za kugawanya watu: baadaye Wahindi Waislamu walipiga kura kivyao, wengine kivyao.) Akawa waziri, 1961 akawa jaji, na 1985 Jaji Mkuu.

Siasa zake mimi hazinivutii sana. Kinachonivutia ni kesi ya Stanley Githunguri, 1986. Huyu alikuwa tajiri, sio mtu wa Kawangware. Alikuwa ameambiwa hatashtakiwa kwa mambo ya pesa za kigeni, faili ikafungwa. Miaka ikapita, serikali ikamfufulia mashtaka. Madan na majaji wawili wakasimamisha kesi: Mwanasheria Mkuu ana mamlaka ya kushtaki, sawa, lakini sio ya kumchezea mtu. Na hiyo ilikuwa enzi ya Moi, wakati kusema hapana kulikuwa na gharama. Miaka miwili baadaye Bunge liliondoa ulinzi wa kazi za majaji, ukarudishwa 1990.

Leo wazo hilo liko ndani ya Katiba. Kifungu cha 157 kinasema DPP hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti, na lazima aepuke kutumia sheria vibaya. Cha 50 kinataka kesi ianze na iishe bila kucheleweshwa ovyo.

Kwa hivyo siku upande wa mashtaka unaomba kuondoa kesi yako, usikimbilie mlango. Muulize wakili: ni 87(a)? Mwambie apinge, aombe iishe kabisa. Weka nakala ya karatasi na namba ya kesi, mpe na mama nakala. Ikirudishwa, taja Githunguri mbele ya hakimu.

Kijana wetu anarudi kortini Jumatano, saa tatu. Tuonane huko, inshallah, tumevaa vizuri na simu zimezimwa.