Gari Li Gereji, Mwenyewe Yu Wapi?

Kuna misiba midogo ambayo haipigiwi mbiu wala haisomewi hitima. Mtu akifiwa, watu huja wakakaa naye. Akiibiwa, hupewa pole hata na asiyemjua. Lakini mtu mzima mwenye ndevu za mvi akisema barazani kwamba ana huzuni kwa sababu gari lake liko gereji mwezi wa nne sasa, atachekwa, na kahawa itampoa mkononi kabla hajapata wa kumwambia pole. Mimi nimechekwa. Kwa hivyo nayaleta maneno yangu ukurasani, ambapo msomaji akitaka kucheka atacheka peke yake nami sitamsikia.

Gari lenyewe ni Peugeot 404, au Pijo kama tulivyozoea kuita sisi, ambalo marehemu baba alilinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Namba yake ni ile ya kale, herufi tatu na tarakimu tatu, bila ya herufi ya mwisho, na vijana huitazama kama watazamavyo senti zenye tundu. Wa rika langu hawana haja ya kuambiwa Pijo ni kitu gani. Ndiyo iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, mengine yote yakamezwa na matope na mito. Ile miaka miwili ya katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam. Mimi habari hizi nilizipokea kwa baba, naye alikuwa akizisimulia kama mtu aliyekuwamo, kiti cha nyuma.

Lilikufa foleni ya feri, Likoni, alasiri ya jua kali. Pijo ina pangaboi la kupoza maji ambalo halizunguki wakati wote. Hushikwa na sumaku maji yakipata moto, huachiwa yakipoa. Hiyo ni akili ya Wafaransa, na barabara ikiwa wazi ni akili nzuri. Lakini katika foleni ya Likoni, sumaku ikikataa kushika, hapana upepo wa kukuokoa. Maji yalichemka, gasketi ya hedi ikaungua, na tulipochomoa kijiti cha kupimia oili tuliiona rangi ya chai ya maziwa. Hapo hata asiyejua kitu hujua. Vijana watatu nisiowafahamu walinisukuma hadi kando, mmoja wao akaniambia, "Pole Ami, lakini gari hili ni la makumbusho." Nilimjibu kwamba hata Ngome ni ya makumbusho, tangu mwaka 1593 imesimama na hakuna aliyeisukuma kando.

Na kusukumwa si aibu katika mji huu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya motokaa kuenea, wakubwa wa serikali na wenye fedha wa Mombasa walikuwa wakipanda vigari vidogo juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Havikuwa na injini. Walikuwako watu nyuma wakivisukuma, jasho likiwatiririka. Pijo yangu ilirudi tu kwenye asili.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Bwana mmoja pale barazani, ambaye elimu yake naiheshimu, alinionya kwamba kusikitikia chuma ni kupenda dunia. Onyo nililipokea kwa adabu. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani ilinijia Sura ya Nahli, ambayo sisi tuliipata chuoni kwa bakora. Aya ya 8 imewataja farasi, nyumbu na punda, na haikusema kuwa ni wa kupandwa peke yake, imesema pia kuwa ni pambo. Na nyuma yake kidogo, katika aya ya 6, umetajwa uzuri wa wanyama wanaporejeshwa jioni na wanapotolewa asubuhi. Mimi si mfasiri, na mwenye ilimu atanisahihisha. Ila naona jioni imetangulizwa, na mtu yeyote aliyewahi kukiegesha chombo chake salama baada ya siku ndefu ataona kwa nini.

Kwetu Mji wa Kale gari halifiki mlangoni. Vichochoro vile vilijengwa kwa mtu, punda na mkokoteni, na gari likithubutu kuingia hupaka rangi yake ukutani. Kwa hivyo miaka yote Pijo ililala nje, upande wa Ngome, na kila usiku baada ya Isha nilikuwa nikienda kuitazama. Nikijaribu milango, nikipitisha mkono juu ya boneti, nikirudi. Mwendo wa dakika kumi, na njiani nawasalimu watu kumi na tano. Mwezi wa kwanza gari likiwa gereji niliendelea kwenda. Pahali pake palikuwa pamekwisha kuchukuliwa na mwengine. Nilisimama nikitazama gari la watu, mlinzi akaanza kunitazama mimi, nikaona heri niache. Tangu hapo wale watu kumi na tano sijawaona sawasawa.

Ninachokikosa si mwendo. Pijo yangu haikuwa na mbio, na tuktuk zilikuwa zikinipita kwa dharau. Nakosa kuisikiliza. Gari la kale halikuachi ukawa mjinga. Ukitia ufunguo husema, ukitia gia (kijiti chake kiko pale pale chini ya usukani) husema, ukipanda mlima wa kutoka kivukoni husema kwa sauti. Mimi nikitoka Nkrumah, nikavuka Digo, nikashika Moi Avenue ambayo baba hadi kufa kwake aliiita Kilindini Road, nikipita chini ya Pembe, masikio yangu yalikuwa injinini na macho barabarani, na katika hali hiyo ndimo beti zangu nyingi zilimotungika. Tangu gari kulazwa sijatunga kitu. Nilijaribu kuitungia Pijo yenyewe, nikachagua kina cha kati kiwe "jo", kikanishinda ubeti wa pili.

Na nakosa Lighthouse. Asiye wa Mombasa huenda hajui kwamba barabara ya Mama Ngina jioni ni baraza la mji mzima. Bustani yake ilijengwa upya mwaka 2019, kuna viti vya saruji na njia za kutembea, na sikatai kuwa inapendeza. Lakini kwa watu wetu kiti kilikuwa gari. Unaliegesha limeelekea bahari, unashusha vioo, muhogo wa kukaanga unaletwa na pilipili na ndimu, watoto nyuma, mama watoto pembeni ameketi kwa sitara yake, anakula bila ya kutazamwa na kila apitaye, na meli zinaingia Kilindini mbele yenu. Humo ndimo zilimoshauriwa posa za mabinti zetu. Humo ndimo nilimoambiwa na mke wangu mambo ambayo nyumbani, kwa wingi wa masikio, hayasemeki. Miezi minne hatujaenda. Nilimwambia twende kwa tuktuk tukaketi kwenye viti vya saruji, akaniuliza, "Tukaseme nini mbele ya watu?"

Mpaka hapa msomaji ataona nalia kwa haki. Mimi pia niliona hivyo mpaka khalati yangu aliponisahihisha.

Khalati ni dada yake marehemu mama, na anakaa Likoni. Kila Alhamisi baada ya Alasiri nilikuwa nikivuka na Pijo kwenda kumwangalia, nikimpelekea kitu kidogo. Wiki ya kwanza nilimpigia simu nikamwambia gari li gereji. Ya pili vilevile. Wiki ya sita aliniuliza kama Pijo haijambo, kama aulizaye mgonjwa. Wiki ya tisa akasema, "Mwanangu, kwani aliyekuwa akija kuniangalia ni wewe au ni Pijo?"

Sikuwa na jibu, na sina. Feri ya Likoni haimtozi hata ndururu aendaye kwa miguu. Anayelipa ni mwenye gari. Mkono wenyewe wa bahari hautimii kilomita moja. Kutoka kwangu hadi kivukoni ni tuktuk moja. Miezi miwili mtu mzima nilikuwa nimejificha nyuma ya gasketi.

Alhamisi ile nilivuka kwa miguu. Niliteremka mteremko wa kivuko katikati ya maelfu ya watu, makuli, wanafunzi, wamama na vikapu vyao, nikabanwa kifua kwa mgongo wa mtu nisiyemjua, na nikaona kwamba miaka yote niliuona umati huu kwa kioo cha mbele tu, nikiupigia honi. Kwa khalati niliketi hadi Magharibi. Nilipokuwa na gari sikuketi zaidi ya nusu saa, kwa kuihofia foleni ya kurudia. Mwenye kutaka kunishinda kwa hoja atasema hapo hapo: basi, gari la nini?

Jawabu alinipa mwenyewe, bila ya kukusudia. Nilipokuwa naaga aliniuliza bahari ya Lighthouse i vipi siku hizi. Hajatoka mlangoni pake tangu Pijo kufa. Magoti yake hayapandi tuktuk, na matatu hayamngojei. Pijo viti vyake viko juu kama kiti cha nyumbani na mlango wake ni mpana, humo huingia mtu mwenye magoti mabovu akaketi, hateremki shimoni. Miguu yangu inanifikisha mimi kwake. Yeye haimfikishi popote. Na baada yake wako wengine: jirani yetu wa kwenda kusafishwa kidonda, mwalimu wangu wa chuoni ambaye kila Idi nilikuwa nikimchukua kwenda kusali, bibi harusi wa mtaa asiye na wa kumkodia gari. Nilidhani gari ni langu. Wote hawa wameulizia kabla yangu mimi kuuliza kwa fundi.

Mwanangu wa kiume, na mtoto ni mwema, ana shauri lake. Anataka tuiuze Pijo tununue gari la Kijapani. Meli zinayashusha hapa hapa Kilindini, na sheria haiyaruhusu kuingia yakizidi miaka 8, kwa hivyo ni mageni, yana baridi ndani, hayachemki Likoni. Siyatukani. Khalati angepandwa vizuri na mojawapo, kama mlango ni mpana. Alimleta hata mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka Pijo mara moja na kunitajia bei kwa kilo. Gari lina uzito wa kupita tani moja, hesabu haikuwa mbaya. Nilimuuliza usukani ataupima pamoja na mengine, akasema ndiyo. Usukani ule una mahali palipolika kwa kidole gumba cha baba. Nilimwambia mwanangu amsindikize mgeni.

Hili ndilo ninalotaka kulisema hasa, kwani naliona mjini kote. Tunatupa kitu kwa sababu aliyekijua kukitengeneza amezeeka, si kwa sababu kimekufa. Fundi wa kwanza niliyempelekea alishauri tung'oe injini tutie ya Toyota, kama wafanyavyo wengi, na alinena kwa nia njema, maana hiyo ndiyo aijuayo. Wa pili, mzee wa chini ya mkungu huko Tudor, aliweka ncha ya bisibisi kwenye bloku na mpini sikioni, akasikiliza kama tabibu, akaniambia bloku ni nzima. Kisha akanionyesha kitu ambacho miaka yote sikukijua: silinda za Pijo ni mabomba ya kuchomoa, yanazungukwa na maji, na kila bomba lina mpira wake chini. Mipira ndiyo iliyokwisha. Gasketi ilipatikana Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile wazee waliyoijua kwa jina la Grogan. Mipira ndiyo iliyotuchelewesha hivi. Ana mwanafunzi mmoja tu, kijana mwerevu, ambaye jicho lake liko kwenye mashine ya kuchomeka inayosoma maradhi ya magari mapya. Simlaumu, ndiko kwenye riziki. Lakini siku ile ya bisibisi nilimwona ameacha simu yake, ameinama, anangoja zamu yake ya kusikiliza.

Mipira imefika juzi. Fundi amesema Jumamosi, inshallah, nije na betri na petroli lita tano, na nisije na watu wengi. Khalati ameniuliza Jumamosi saa ngapi.