Kibo Haikuchorwa kwa Kompyuta

Picha ya Kilimanjaro ikivutia kupita kawaida, hukumu yake haikawii: "Hiyo imeeditiwa." Theluji ikiwa nyekundu, ni filta. Mlima ukimzidi mtu kwa ukubwa, ni kompyuta. Mwezi ukikaa juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, watu hata hawaangalii mara ya pili. Maneno haya yasemwe Dar es Salaam, nitaelewa. Yakisemwa Sanya Juu, na watu wanaoamka na mlima huo dirishani, siwezi kuyaacha yapite.

Tuwape wenye shaka haki yao kwanza. Shaka hii haikuzuka hewani. Mitandaoni kumejaa mbingu za kubandika, na siku hizi akili mnemba inatengeneza vilele ambavyo hakuna mguu uliowahi kuvikanyaga. Nakubali pia kwamba karibu hakuna picha isiyoguswa: simu yenyewe hukoleza rangi na kung'arisha vivuli kabla hujaiona picha yako. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kudai kwamba mshangao wote umetoka kwenye kuguswa huko ni jambo lingine.

Kwanza, rangi. Sanya Juu iko upande wa magharibi wa mlima, ikielekea kidogo kusini, kwa hiyo uso wa Kibo unaotazamana na mji ndio unaopokea mwanga wa mwisho wa jioni. Mwanga huo umepita kwenye tabaka refu la hewa, buluu yake imetawanyika njiani, na kilichobaki ni rangi ya moto. Kwa kuwa kilele kiko mita 5,895, jua huendelea kukiona dakika kadhaa baada ya kuuacha mji. Anayefunga meza yake sokoni baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, wingu likiwa limeondoka, anaweza kuinua macho akaiona theluji inawaka huku yeye akitafuta tochi.

Asubuhi mambo hugeuka. Jua linatokea nyuma ya mlima, hasa mwezi Juni linapochomoza kaskazini mwa mashariki, na Kibo inabaki bonge la kijivu. Aliyeipiga picha saa hiyo hawezi kumwamini aliyeipiga jioni, ingawa wote wawili ni wakweli. Na hata huyo wa jioni anaweza kuangushwa na simu yake, ambayo ikiona giza la mji chini hujitahidi kuling'arisha, na theluji nyekundu inatoka nyeupe. Dawa ni kugusa theluji kwenye kioo, kisha kushusha mwanga kwa kidole. Hapo hujaongeza kitu. Umeizuia simu isiongeze.

Pili, ukubwa, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Kutoka Sanya Juu hadi kileleni ni kilomita 30 na ushee kwa mstari ulionyooka, na mlima unapanda zaidi ya mita 4,000 juu ya mji. Kwa jicho la anayetazama, kimo hicho ni nyuzi saba au nane tu. Mtu mzima akisimama mita 13 hivi mbele yako, analingana na Kilimanjaro nzima. Rudi nyuma hadi mita 50: mtu amebaki robo ya mlima, ilhali mlima haukupungua hata kidogo, maana hatua zako chache si kitu mbele ya kilomita 30. Sasa vuta kwa lenzi ndefu. Mlima unajaa kwenye fremu na mtu anakuwa mdogo chini yake. Lenzi haikuukuza mlima peke yake. Imekata vya pembeni. Kazi ilishafanywa na miguu. Mwingereza Nick Brandt, aliyeanza kupiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, alifanya kinyume kwa makusudi: aliziacha lenzi ndefu, akawasogelea tembo wa Amboseli, na kwenye picha zake mnyama ndiye mtawala.

Tatu, mwezi. Hapa mwenye shaka ana silaha nzuri kuliko anavyodhani. Mwezi una upana wa nusu nyuzi popote unaposimama, lakini Kibo hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kreta yake ina upana wa kilomita mbili na nusu hivi. Ukiwa kilomita 30, mwezi ungeingia humo mara tisa. Ukiwa kilomita 100, mara tatu tu. Basi mwezi mkubwa juu ya Kibo unaweza kuwa halali kabisa kwa mpiga picha aliye mbali, na uwongo mtupu kwa anayedai alikuwa Sanya Juu. Kabla ya kuuliza alitumia programu gani, muulize alisimama wapi, na ilikuwa mwezi gani wa mwaka. Mwezi mpevu wa Desemba huchomoza takribani pale jua linapochomoza Juni, yaani upande ule ule wa mlima. Ukiletewa mwezi mpevu wa Juni ukichomoza nyuma ya Kibo, na ukaambiwa ulipigwa stendi ya Sanya Juu, kataa bila woga: mwezi huo hutokea kusini mwa mashariki.