Mchekeshaji Asifungwe Kinywa

Wako watu wa heshima, hapa Kolwezi na katika miji mingine ya shaba, wasemao: michezo ya kuchekesha ikomeshwe, maana yadhihaki wakubwa na kuharibu watoto. Sisi twakataa.

Shauri hili ni la zamani. Mwaka 423 kabla ya Kristo, Aristophanes alimfanyia mzaha Socrates jukwaani huko Athene. Miaka zaidi ya 500 baadaye Wayunani walikuwa chini ya Roma, na wasemaji wao wakuu walikuwa wangali wakibishana juu ya michezo ile. Plutarch alimlaumu Aristophanes kwa maneno machafu, akamsifu Menander. Aelius Aristides aliwasihi watu wa Smyrna waache masimango ya jukwaani. Alikana kwamba matusi yaweza kufundisha adabu. Lakini Dio wa Prusa, akihutubia Aleksandria, aliwasifu Waathene kwa kuvumilia kusutwa na wachekeshaji. Naye Paulo, alipowaonya Wakorinto juu ya marafiki wabaya, alitumia neno ambalo Mtakatifu Hieronimo alilitambua kuwa la Menander. Mtume hakuona haya kuokota neno jema mahali pa kicheko.

Na kwetu? Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilitunga kwa Kiswahili mchezo juu ya methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima. Johannes Fabian aliuandikia kitabu mwaka 1990. Hotuba za chama zilikuwa nyingi siku zile. Ni ngapi zilizothubutu kuuliza mkubwa anakula nini?

Watatujibu: mzaha ulimponza Socrates, akahukumiwa kufa mwaka 399. Ni kweli, ulimchafulia jina; Plato aandika kwamba Socrates mwenyewe aliutaja mbele ya waamuzi. Basi mchezaji akemee tendo, asimzulie mtu uwongo.

Lakini Dio aliona kosa kubwa zaidi. Waathene waliwavumilia waliowakemea kwa ngoma na mzaha. Socrates, aliyewakemea bila mzaha, hawakumvumilia. Kosa hilo ni letu pia. Jumapili twamcheka mla rushwa katika mchezo, Jumatatu twampelekea bahasha.

Wazazi, nendeni mkatazame pamoja na watoto wenu. Mkirudi nyumbani waulizeni: yule tuliyemcheka alikosa nini? Nasi je, hatufanyi vile vile?