Waya Hauchagui

Katika mjadala wa chama chetu muhula wa pili, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akasema kwamba mnyama akishakufa amekufa, awe amepigwa risasi, mshale, au amenaswa kwa waya. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa pili na tukashindwa, maana kuna jambo nililinyamazia. Leo nalitoa, liwe liwalo.

Mjomba wangu anakaa Kwale, karibu na mbuga ya Shimba Hills. Likizo moja ya Agosti nilitoka hapa Likoni nikaenda kwake. Alfajiri akaniamsha, "Twende ukanishikie kiroba." Kule kichakani tukamkuta paa. Waya wa breki ya baiskeli ulikuwa umemkaba mguu wa nyuma hadi ukafika mfupani, na majani yote kumzunguka yalikuwa yamelala kwa kuruka kwake. Alikuwa hai. Mjomba alikuwa na kibarua, hakuupitia mtego ule kwa siku mbili. Nikamwuliza, "Mjomba, huyu ameteseka tangu lini?" Akacheka. "Wewe mwana wa skuli, wataka nyama ama wataka hesabu?" Akapiga bismillahi, akamchinja. Usiku nilikula. Kwani nifiche nini?

Najua sheria. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya 2013 haimruhusu mtu kuwinda hata kwa kitoweo. Lakini Tanzania, ambako watu huwinda kwa leseni, sheria yao ya 2009 inakataza mitego, sumu na taa za usiku. Yaani hata aliyepewa ruhusa ya kuua hakuruhusiwa kuua vyovyote apendavyo.

Hebu watazame Wasanye, wenyewe hujiita Waata, wa nyika za Tsavo. Waliwinda ndovu kwa upinde mgumu ajabu na mshale uliopakwa sumu ya mti, sumu inayosimamisha moyo. Siwasafishi, la hasha! Ndovu wengi walikwisha kwa ajili ya pembe, na miaka ya 1950 wawindaji wengi wa Kiwaata walikamatwa wakafungwa. Ila mwenye upinde ilimbidi amsogelee ndovu, amtazame, amchague, na akikosea huenda akafa yeye. Mwenye waya yuko kwake amelala. Waya hauulizi kama huyu ni paa au ni palahala, na palahala kwa Kenya nzima wamebaki Shimba Hills peke yake. Hauulizi kama ana mimba. Ndama wa ndovu akipitisha mguu, ndiyo basi.

Tena wengi wetu humu chamani ni Waislamu. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imemharamisha mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, isipokuwa umdiriki akiwa hai umchinje. Mjomba alijua hilo vizuri. Ndiyo maana ya ile haraka ya alfajiri. Nikamwuliza, na wale unaowakuta wameshakufa? Akasema huwaacha papo hapo, kibudu si chakula. Basi mnyama ameteseka siku mbili ili ale nani? Siafu!

Mtaniambia mjomba ana shida. Kweli anayo. Karo yangu ya muhula ule ilitoka mfukoni mwake, na sijui ni shilingi ngapi zilizotoka kwenye waya. Hili ndilo lililonifunga mdomo siku ya mjadala. Nilimwogopea yeye, na nilijionea haya mimi.

Jarida hili mjomba hulisoma kila mwaka, kwa kuwa mimi ndiye humpelekea. Mwaka huu pia nitampelekea. Akimaliza kunifokea nitamwomba twende tena kule kichakani na koleo, tukaikate ile iliyobaki. Alinionyesha mitatu, lakini najua iko zaidi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne